Narudi kwa harusi ya mdogo wangu, na marafiki nao wanadai haki yao. Nigawe vipi siku?

KifunguaMimba

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu wa mwisho anaoa, na mimi niliye mbali nimeshakata tiketi. Furaha ninayo tele. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanangu. Shida ni kwamba tangu niseme "nakuja", simu haipumui.

Mama ameshanipangia ratiba. Si mzaha, ameiandika kwenye karatasi, akaipiga picha, akaituma kwenye kikundi cha familia. Siku ya kufika: kupumzika. Neno kupumzika amelipigia mstari, kisha chini yake akaorodhesha majina ya watu watakaokuja kunisalimia jioni hiyo hiyo. Kesho yake fundi wa nguo. Keshokutwa kwa shangazi, na siku inayofuata kwa shangazi mwingine, maana ukionekana kwa mmoja na mwingine asikuone, kesi hiyo utaikuta hata baada ya miaka. Inaendelea hivyo mpaka harusi yenyewe. Marafiki zangu hawamo popote, wala si kwamba mama amesahau. Kwake yeye marafiki ni watu wa kupishana nao njiani.

Upande wa pili wapo wenzangu tuliosoma pamoja. Nao wana kikundi chao, na wameamua bila kuniuliza kwamba tukutane jioni ya kuamkia harusi, kwa hoja kwamba "si utakuwa umeshafika?" Jioni ya kuamkia harusi! Mimi ndiye dada mkubwa wa bwana harusi, wageni wanalala kwetu, na shuka zikitafutwa mnajua ataitwa nani.

Halafu kuna wawili ambao siwezi kuwaweka kwenye kundi lolote. Mmoja alifiwa na mama yake mimi nikiwa huku. Nilipiga simu, tukalia wote, nikatuma nilichoweza, lakini sijamtia machoni tangu wakati huo. Yule mama alikuwa akinisuka nywele huku akinisikiliza nikisoma kwa sauti, nikikosea neno ananivuta nywele kidogo. Kukutana na binti yake kwa mara ya kwanza ukumbini, muziki unalia na mimi nimejipamba, naona haikai sawa. Mwingine tulikuwa kama pete na kidole, tukaachana kwa mambo ya hela. Alinikopa, hakulipa, akanyamaza, nami nikanyamaza. Mdogo wangu amemwalika kwa sababu hana habari ya lolote.

Maswali yangu: nifike mapema kabla ya harusi, au nibakize siku nyingi baada yake? Marafiki niwakusanye mara moja au niwaone mmoja mmoja? Mfiwa nimfuate lini? Na huyo mdaiwa, tukikutana meza moja nafanyaje? Naomba majibu ya watu waliokwisha kupita njia hii, si "omba Mungu dada". Hilo nimeshafanya.

Mchukuzi

Dada, hongera kwa kupata wifi. Mimi niongelee safari tu, hayo ya marafiki nawaachia wenye busara.

Hiyo tiketi ni moja mpaka mwisho wa safari, au umeunga vipande viwili ulivyonunua mbalimbali kwa kuwa ilitoka bei nafuu? Kama ni moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wao ndio wa kukutafutia nyingine. Kama ni mbili zisizojuana, lile shirika la pili linakuhesabu mtu ambaye hakutokea, na kiti kimekwenda. Kwa likizo ya kawaida hiyo ni hasara ya hela. Harusi haitasogezwa kukusubiri. Kwa hiyo kama ni vipande viwili, weka usiku mzima katikati, na usifike siku moja kabla ya shughuli hata ukiahidiwa nini.

Tazama na pasipoti leo, si wiki ya kusafiri. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 ya uhai, na hata kama unaingia kwenu kwa pasipoti ya kwenu, kuna safari ya kurudi unakoishi na kuna nchi unayopitia katikati.

Nguo ya harusi usiipakie kwenye begi kubwa. Ikunje, izungushie khanga, fanya upendavyo, lakini iwe kwenye begi la mkononi pamoja na viatu. Nilikwenda kwenye harusi ya dada yangu, begi langu likaenda kwingine kabisa. Picha zote nimesimama na viatu nilivyoazimwa na mdogo wake bwana harusi, vidogo kuliko mguu wangu, na ukizipanga kuanzia za asubuhi hadi za usiku utaona uso wangu unavyozidi kukunjamana. Watoto wangu wanaamini nilikuwa simtaki shemeji.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke uwanjani kabla hujaandikisha na kupewa karatasi yenye namba. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao nchi nyingi zimeuridhia kwa safari za kimataifa, unataka begi lililoharibika ulilalamikie kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe, na likipita siku 21 bila kuonekana unaruhusiwa kudai kama limepotea. Fidia ina kikomo: tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa ile sarafu ya mahesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa hiyo mkufu wa kumtunza wifi usiufungie humo. Na risiti za vitu utakavyolazimika kununua kwa dharura zitunze zote.

ZamuYaUsiku

Naongeza dogo kwa Mchukuzi. Mwili hauhami na ndege. Ukivuka maeneo mengi yenye saa tofauti, saa ya ndani ya mwili inajirekebisha kwa wastani wa kama saa moja kwa siku, na ukielekea mashariki ni kazi zaidi kuliko ukielekea magharibi, kwa sababu saa hiyo ya asili inazidi kidogo saa 24: kuchelewa kulala inaiweza, kuwahi kulala inagoma. Jua la asubuhi au la jioni ndilo linaloisukuma, kutegemea umetoka upande gani. Nimefanya kazi usiku miaka mingi, nakwambia mtu aliyekosa usingizi anagombana na ndugu kwa jambo ambalo akiamka vizuri hata halikumbuki. Kama safari yako inavuka maeneo hayo, mambo mazito na huyo mdaiwa usiyaguse siku za mwanzo.

MsomajiWaNyuma

KifunguaMimba, kwenye swali la kuwakusanya au mmoja mmoja nina neno, maana watu watakwambia "waite wote siku moja umalize". Nimeliona likifanyika na nimelifanya. Unakaa mwenyekiti wa mkutano. Kila anayeingia anauliza safari ilikuwaje, unasimulia upya, na ukifika katikati anaingia mwingine.

Kuna mtafiti wa Uingereza anaitwa Robin Dunbar, yule aliyejulikana kwa ile namba ya 150, kwamba binadamu huweza kushika uhusiano wa kweli na watu karibu idadi hiyo. Watu huinukuu hiyo 150 na kuacha yaliyo matamu zaidi. Ndani yake kuna mizunguko: kama 5 wa ndani kabisa, 15, 50, ndipo 150. Na mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha kazi kuhusu mazungumzo ya kawaida, wakaona maongezi mamoja hubeba watu kama 4 tu. Akiongezeka wa tano, huwa yanapasuka kuwa mawili. Tazama meza yoyote yenye watu wanane utaona, wanaongea watatu huku, wanne kule, na mmoja anachezea simu.

Sasa harusi yenyewe tayari imekukusanyia wale 150. Huhitaji mkusanyiko wa pili. Wale wa shule waambie jioni ya kuamkia harusi haiwezekani, bila kujieleza sana, kisha wape jioni moja baada ya harusi, na kabla ya hapo chagua mwenyewe wawili au watatu wa kukaa nao peke yao. Wengine watanuna. Wakinuna wananunia picha waliyoikosa.

Kuhusu kuwahi au kuchelewa: siku za kabla ya harusi si zako hata ukiwahi mwezi mzima. Zitaliwa. Siku zako ni za baada, wageni wakishaondoka na viti vya kukodi vikirudishwa.

Niliyebaki

Nimesoma yote nikaona hakuna aliyesema kutoka upande wetu sisi tusioondoka, acha niseme.

Dada, mnaporudi mnatupa miadi. "Jumanne saa kumi nitakuwa na nafasi." Sisi tunaomba ruhusa kazini, tunatafuta wa kumwachia mtoto, tunavaa vizuri, tunafika, tunakukuta na wengine watatu unaowaaga. Tunakaa nusu saa tukiangalia mlango. Halafu ukirudi huko unaandika "nimefurahi sana kuwaona wote". Sikulaumu wewe, sikujui. Ila rafiki yangu mmoja amenifanyia hivyo mara kadhaa, na safari hii nilimwambia sitakuja. Akauliza kwa nini. Nikamwambia njoo wewe. Njoo siku yoyote, mimi nafua, napika, nampeleka mtoto kwa daktari wa meno, njoo twende. Alikuja. Tulikaa kwenye benchi la yule daktari asubuhi nzima, mtoto akilia ndani, na nakuapia hayo ndiyo maongezi ya maana tuliyopata tangu aondoke. Aliniambia mambo ya ndoa yake ambayo asingeyasema mbele ya vinywaji na watu kumi.

Kwa hiyo usitafute siku maalumu kwa kila mtu. Mnunue kitambaa pamoja. Mpeleke mmoja kwa fundi, fundi mwenyewe atawakawiza vya kutosha mzungumze. Mwingine akupokee uwanjani badala ya msafara wa familia, hapo utapata mwendo mzima wa gari.

Mfiwa mwendee kabla ya harusi, tena asubuhi, siku za mwanzo kabisa, kabla hujaenda kwa shangazi yeyote. Mimi nilifiwa na baba, na rafiki yangu wa mbali alikuja kunipa pole baada ya kumaliza shughuli zake zote, amechoka, begi lake liko ndani ya gari. Nilimpokea vizuri na bado linanichoma. Usibebe zawadi zilizofungwa kwa karatasi za kung'aa. Usianze na habari za harusi, atakuuliza mwenyewe. Na hilo la kuvutwa nywele ukikosea kusoma, msimulie hilo. Watu wakimtaja marehemu hutuambia alikuwa mtu mwema, hilo tunalijua. Mtu anapokupa kitu cha mama yako ambacho hukuwa nacho, unabaki nacho.

Na akisema haji harusini, usimlazimishe.

ShangaziWaWote

Mwanangu KifunguaMimba, sisi mashangazi tumesemwa sana humu leo, lakini sawa.

Hiyo karatasi ya mama yako usiipinge kikundini mbele ya watu. Mpigie. Na usimwambie "nataka muda na marafiki", atasikia kwamba marafiki wamemzidi. Mwambie: "Mama, nipe siku moja mimi na wewe tu, hakuna mgeni." Atashangaa, maana karatasi nzima hiyo hakujiweka mwenyewe, si umeona? Kawagawia watu mtoto wake, yeye kabaki msimamizi wa foleni. Wazazi wengi tuko hivyo, tunaona aibu kuomba. Ukishampa siku yake, hizo nyingine atazilegeza mwenyewe.

Mashangazi wawili hatuhitaji siku mbili. Mwambie mmoja amkaribishe mwenzake. Wakikataa kukaa pamoja, basi hiyo ni kesi yao ya zamani na haikuhusu, utapita kwa kila mmoja asubuhi kwa asubuhi, dakika chache, umesimama. Ukikaa tu umekwisha.

Mdaiwa. Hapo wapo watakaokwambia msubirie atulie, asije akakukwepa, nami sikubaliani nao. Amua kabla hujapanda ndege kama hiyo hela bado unaitaka. Jibu liwe la kweli, usijidai mkarimu kumbe roho inauma. Kama huitaki tena, mtumie ujumbe mapema, mfupi: nimesikia umealikwa, nitafurahi kukuona, na lile jambo kwangu limekwisha. Kama unaitaka, mtumie ujumbe pia, lakini sema tutaongea baada ya harusi. Kitu kibaya ni mkutane mezani kila mmoja akibahatisha mwenzake anafikiri nini. Mwenye deni huwa haongopei anayemdai, anamkimbia, na katika kukimbia ndipo urafiki unapofia.

Na mdogo wako usimwambie. Siku hiyo aachwe aoe.

MsomajiWaNyuma

Shangazi shikamoo. Hilo la kutuma ujumbe kabla naona lina hatari. Mtu anayedaiwa akiona jina lako kwenye simu baada ya miaka ya ukimya, kabla hajasoma ameshajua ni deni. Anaweza asije harusini kabisa. Si bora KifunguaMimba akutane naye uso kwa uso, amsalimie kwa moyo mweupe, deni lijadiliwe siku nyingine?

ShangaziWaWote

Marahaba. Asipokuja kwa sababu ya ujumbe wa amani, basi hakuwa akija kwa ajili ya amani. Lakini usoni nako kuna mambo yake, sibishi. Mwenyewe anamjua mtu wake.

KifunguaMimba

Jamani asanteni. Nimekaa na majibu haya, mengine yameniuma, hasa la Niliyebaki. Nimefungua simu nikahesabu ni wangapi nilishawatumia "nitakuambia nikipata nafasi", nikaona aibu, nimeanza kuwaandikia upya.

Nilichofanya mpaka sasa: mama nimempigia. Nilipomwambia naomba siku yetu wawili alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema kuna nyumba ya zamani tuliyopanga nilipokuwa mdogo, amekuwa akitaka kwenda kuiona na hana wa kwenda naye. Sikujua. Tutakwenda hiyo.

Mfiwa nitamwendea asubuhi inayofuata siku ya kufika. Mama ndiye aliyesema nimwache fundi asubiri. Wenzangu wa shule nimewaambia jioni ya kuamkia harusi sipo, wamelalamika, mmoja akaniita mheshimiwa, lakini wamekubali siku ya baada. Na nitachukua wazo la fundi: aliyekuwa jirani yangu wa dawati ndiye atanisindikiza kupima nguo.

Kwa mdaiwa nimejiuliza kama Shangazi alivyosema. Ukweli ni kwamba hela siitaki tena, ila nilikuwa nataka aombe radhi, na hilo ndilo lililonifanya ninyamaze miaka yote hii kama mtu mwema. Sijaamua nitume ujumbe au nisubiri uso kwa uso. Nikisoma hoja ya MsomajiWaNyuma naona ni kweli, nikirudi kwa Shangazi naona ni kweli zaidi. Nimeandika ujumbe, uko kwenye simu, sijautuma.

Mchukuzi, tiketi ni moja mpaka mwisho, namshukuru Mungu. Pasipoti nimeitazama, iko salama. Nguo itakuwa begi la mkononi. Sasa niambie jingine: nina pawabenki kubwa ya kumpelekea baba, umeme ukikatika achaji simu yake. Naweka kwenye begi kubwa au la mkononi? Na begi lenyewe limefika kilo 26, zawadi tupu.

Mchukuzi

Pawabenki ni begi la mkononi, kwenye begi la kupakia hairuhusiwi. Tazama ubavuni imeandikwa Wh (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba) ngapi: ikiwa 100 au chini haina shida na mashirika mengi, ikizidi 100 mpaka 160 uombe kibali cha shirika kwanza, ikizidi 160 iache. Kama imeandikwa mAh (miliampea-saa) tu, zidisha kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inatoka 74, inapita. Usiichaji ndani ya ndege, wengine siku hizi wanakataza.

Hizo kilo 26, soma tiketi yako. Daraja la kawaida wengi wanatoa kilo 23 kwa begi, na faini ya uzito hulipwa uwanjani ukiwa na foleni nyuma yako. Kama tiketi inaruhusu mabegi mawili, gawa. Kama ni moja, anza kwa kutoa maboksi ya zawadi, karatasi na makopo yana uzito kuliko unavyodhani. Ikibaki imezidi, toa viatu vyako vingine vyote, vile vya harusi si viko mkononi?

Niliyebaki

Na ukishindwa kabisa, toa zawadi zetu sisi marafiki.